Mipini Minane ya Bwana Tena

Jumatatu, 2 Julai 1934

Mzigo umefika! Karani wa Tunduma alikuwa ameukalia tangu wiki iliyopita, anasema hakujua ni wa nani, na jina limeandikwa pande zote nne. Leo gari la kahawa limeuleta hapa kiwanjani Ruanda.

Bwana Tena hakungoja kisu. Kamba ameikata kwa meno. (Jina lake ni Hallam, ila huku hakuna anayelitumia. Akikosa mpira husema "Tena!" – na hukosa sana.)

Ndani: mipini minane ya fimbo za gofu. Ya chuma! Miaka yote kichwa ndicho chuma na mpini ni mti, kama jembe. Sasa Wazungu wameuchoka mti. Aina nne, kila aina miwili. Nimeipa majina yangu mwenyewe:

Pingili – unang'aa, una vidato kama mua, unazidi kuwa mwembamba kila kidato.

Mjeledi – mwembamba, ukiutikisa unacheza.

Mzee – mnene, haupindi kwa mtu yeyote.

Mnafiki – ni chuma, lakini umepakwa rangi ya mti ili usijulikane ni chuma!

Yote ina tundu katikati, toka juu mpaka chini.

Tarehe ishirini na nane Kapteni anakuja kutoka Mbeya kucheza na Bwana. Ameshamshinda mara mbili, na mara zote mbili alicheka mpaka garini. Kwa hiyo fimbo namba tano na namba tisa zitavikwa mipini mipya, aina moja zote mbili. Aina ipi? Bwana amesoma karatasi ya mzigo mara tatu, akakunja uso, akanigeukia. Anasema mimi ndiye ninayemwona akipiga kila siku, basi nimsaidie kuchagua. Mimi! Nikifanya vizuri nitaitwa fundi wa fimbo, na kile chumba cha nyuma ya kibanda cha fimbo ni changu. Nikipoteza hata mpini mmoja, njia ya kwetu Ibaba naijua.

Jumanne, 3 Julai

Sikulala vizuri kwa furaha. Fundi! Fundi mwenye chumba anaweza kwenda Hasamba mara ya tatu.

Mara ya kwanza mzee Zebedayo, mhunzi wa huko, aliniuliza kazi yangu. Nikasema nabeba fimbo. Za nani? Za Bwana. Anazipeleka wapi? Anazunguka nazo, anarudi pale pale. Akasema kwake hiyo huitwa kazi ya punda. Mara ya pili hakuacha hata kugonga chuma. Nesta, binti yake, alikuwa anavuta mivukuto, akacheka, moto ukalegea, akagombezwa yeye badala yangu.

Nampenda. Hapa hasomi mtu, acha niandike tena: nampenda!

Alhamisi, 5 Julai

Siku nzima majaribio. Nachomeka mpini kwenye kichwa cha namba tano, namimina lakiri – ile ya kufungia barua, nimeichukua mezani kwa Bwana kwa ruhusa, karibu yote – halafu Bwana anapiga. Kisha napasha moto, natoa, naweka mwingine. Vidole vyangu vimejaa malengelenge mekundu.

Tatizo la Bwana halimo kwenye fimbo. Anapiga kama mtu anayeua nyoka ndani ya nyumba. Lakini nani atamwambia?

Mjeledi: mpira umeingia kwenye kahawa. Mzee: mpira umekwenda sawa, ila mikono ya Bwana imekufa ganzi, akasema neno ambalo misheni hawakutufundisha. Mnafiki: mipira mitano, yote mizuri! Nikapiga makofi. Bwana akakasirika. Hataki kitu cha kujifanya, anataka chuma kionekane chuma. Pingili: mitatu mizuri, miwili mibaya. Lakini unang'aa, na kila akipiga anaukagua kama mtu mwenye kioo.

Sasa amekwama kati ya Pingili na Mzee. Na mimi nimekwama naye.

Jumamosi, 7 Julai

Bwana amekwenda Mbeya mpaka Jumatano. Nikawaza: katika nchi hii yote nani anakijua chuma? Zebedayo. Alianza kukiyeyusha kutoka kwenye mawe kabla sijazaliwa. Nikachukua mpini mmoja wa kila aina nikaenda Hasamba. Kwa ajili ya ushauri. (Na Nesta alikuwapo, ndiyo.)

Zebedayo hakuitikia salamu mpaka alipoona chuma. Akagonga kila mmoja kwa nyundo ndogo, sikio karibu. Mjeledi akasema una homa. Ule mpini Mzee akausifu, ila mpini wa chuma kwenye kichwa cha chuma, akasema, ni ujinga, mkono utakula mtikisiko wote. Mnafiki aliukwangua kwa ukucha, akaona chuma chini ya rangi, akautema kwa macho. Akafika kwa Pingili.

Aliugonga, ukalia muda mrefu. Akaugeuza, akaona tundu. Akapuliza, ukapiga mluzi. Akaniuliza nani ameutoa moyo huu mzima mzima bila kuupasua. Nikasema ni Wazungu, kwa mashine.

Mimi kwa adabu zangu nikaupokea, nikapiga goti, nikamrudishia kwa mikono miwili: "Baba, utazame vizuri, unitolee neno."

Mivukuto ikasimama. Zebedayo akanitazama kama ananiona leo. Akasema niuache, neno halitolewi siku moja.

Nimeuacha! Nesta amenisindikiza mpaka kwenye kijito akiniangalia kwa pembeni. Akauliza kama najua nilichofanya. Nikasema ndiyo, nimeomba ushauri. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 10 Julai

Balaa. Balaa kubwa. Niandike polepole.

Nimekwenda kuuchukua Pingili. Uani nikakutana na mama Loisi, mama yake Nesta. Huyu mama siku zote huniona mbali akapaza sauti, "Punda huyo anakuja!" Leo ameniona, ametupa ungo, amekimbia nyuma ya ghala! Kanga kichwani, uso ukutani. Nikadhani nyuki. Nikakimbia na mimi.

Nyuma ya nyumba wazee watatu wameketi na chungu cha pombe ya ulezi, kinafuka moshi, kila mmoja na mrija wake wa unyasi mdomoni. Wa nne ni Zebedayo. (Alibatizwa Zebedayo, ila maji ya ubatizo hayakufika kooni.) Na mdomoni mwake, unang'aa juani – Pingili!

Chini ameuziba, kisha ameutoboa vitundu vidogo kwa msumari mwembamba, safi kabisa, ili machicha yasipite. Kazi nzuri. Ningeweza kulia.

Akaniita niketi. Akawaambia wenzake kwamba huu hauozi, haupasuki, na pombe inapanda yenyewe. Wazee wakauomba kwa zamu. Mmoja alifumba macho.

Niliporudi nikamweleza Lwitiko, mbeba fimbo mwenzangu, mtu wa Hasamba. Akaangua kicheko, akashika mti. "Wewe mtu wa Ibaba wewe! Hivi kwenu hamposi?"

Kumbe kwenye ukoo wa Zebedayo anayeposa hutafuta mrija mpya, huupeleka kwa baba wa binti, goti chini, mikono miwili, huomba neno. Baba akiunywea mbele ya mashahidi, neno limetoka. Mara mbili zile nilikwenda mikono mitupu, nikafukuzwa kama mtu asiye na adabu. Na ndiyo maana mama Loisi amejificha: mkwe hatazamwi usoni.

Nimeposa! Nimekubaliwa! Kwa mpini wa Bwana!

Nikauliza: na mtu akienda kuuomba mrija urudi? Lwitiko akaacha kucheka. Akasema mtu huyo Hasamba hatapewa hata maji.

Jumatano, 11 Julai

Bwana amerudi. Ameshaamua. Mbeya amemkuta Kapteni naye ana mipini ya chuma, minene, ya namna ya Mzee, basi yeye hataki kufanana naye. Pingili! Miwili yote, namba tano na namba tisa. Akaniuliza kama naafiki. Nikasema Bwana amechagua vizuri mno.

Zitengenezwe kabla ya Jumapili, akasema.

Alhamisi, 12 Julai

Nilitoka asubuhi nimekaza moyo. Nitamwambia Zebedayo ukweli, mtu mzima ataelewa. Nikafika. Akasimama – yeye! – akamwambia mgeni aliyekuwa naye, "Huyu ndiye mkwe wangu. Anashika chuma cha Ulaya." Moyo ukalegea wote. Nikaomba maji, nikanywa, nikaaga.

Nesta akanifuata kijitoni. Yeye nikamwambia: sikujua mila yenu, mpini ni wa watu, nisipourudisha nafukuzwa kazi, narudi Ibaba.

Hakucheka safari hii. Akauliza: "Kwa hiyo hukukusudia kuniposa?"

Nilikuwa sijaliona hilo. Naapa sikuliona. Macho yake yalijaa. Nikasema nilikusudia mara mbili, mbele yake, nikaitwa punda. Ya tatu ndiyo niliyoifanya bila kujua, lakini ningejua ningeifanya mbio.

"Basi sema sasa, unajua."

Nikasema. Pale pale, miguu majini. Siandiki nilivyosema.

Akafuta macho kwa mkono wenye masizi, uso ukawa mweusi nusu, na ghafla akawa binti wa mhunzi. Akauliza ule uliopakwa rangi upo? Upo, miwili. Unene wake na Pingili unalingana? Karibu sawa. Akasema niulete kesho, na niache kutetemeka.

Ijumaa, 13 Julai

Hasamba, nyuma ya kibanda cha uhunzi, saa nne mpaka jioni. Zebedayo yuko msibani, tumeshukuru Mungu, Mungu atusamehe.

Tumemkwangua Mnafiki kwa mchanga na majani ya msasa mpaka rangi yote ikatoka. Chini yake chuma kizuri tu! Halafu Nesta akatoa waya wa shaba mwembamba kama unywele, ule wanaosokotea bangili. Akauviringisha pete kwa pete kila penye kidato, akauponda kwa nyundo ndogo, akapaka bati la kuyeyusha, akasugua. Ukiuweka pembeni ya Pingili wa kweli ukasimama hatua tatu – ni mapacha. Hatua mbili, ni ndugu. Hatua moja, usisimame hapo.

Mnafiki alijifanya mti. Sasa anajifanya Pingili. Maskini hajawahi kuwa yeye mwenyewe.

Jumamosi, 14 Julai

Nimevika. Pingili wa kweli namba tano, wa Nesta namba tisa. Lakiri, msumari, ngozi juu. Bwana amezishika, amezitazama juani. Jasho langu lilifika visiginoni. Akasema, "Maridadi!"

Nimepewa chumba. Kina panya. Ni changu.

Jumapili, 15 Julai

Kanisani mwinjilisti amehubiri juu ya uongo. Nikahesabu mbao za dari. Arobaini na moja.

Jumamosi, 21 Julai

Jambo la ajabu. Namba tano, yenye Pingili halisi: mpira kulia, mpira kushoto, "Tena! Tena!" Namba tisa, yenye kazi ya Nesta: tap! juu, laini, chini karibu na shimo. Kila mara! Bwana ameacha kuua nyoka. Akiishika hiyo anapiga kama mtu anayemfungulia mgeni mlango.

Ameniita. Anasema huu mpini ndio, ila mwenzake una kasoro ya kiwandani. Anataka kuandika barua Ulaya kulalamika juu ya Pingili wa kweli, na kuagiza kumi na miwili mingine kama ule wa namba tisa. Kumi na miwili ya namna hiyo Ulaya haipo, Nesta atavunjika vidole!

Nikasema barua ingoje mashindano. Akasema sawa, fundi. Ameniita fundi.

Jumatano, 25 Julai

Lwitiko ametumwa kutoka Hasamba. Wazee wamepanga siku ya kupeleka chungu upande wa mwanamume. Huwa hivi: watu wa binti hubeba pombe, ndani yake umesimama mrija ule ule, baba wa kijana anaunywea wa kwanza, halafu mrija unarudi kwa baba mkwe moja kwa moja. Hapo imekwisha, hata chifu hawezi kuitengua. Baba wa kijana asipounywea, imekwisha vilevile, kwa upande ule mwingine.

Nikasema vizuri, mimi yatima, wapeleke kwa baba mdogo Ibaba. Lwitiko akasema Ibaba ni mbali, pombe itachacha. Wazee wameona hapa Ruanda baba yangu ni yule ninayekula kwake.

Nani?

Bwana Tena, akasema. Jumamosi.

Jumamosi gani?

Hii.

Ijumaa, 27 Julai

Nimekwenda Hasamba kuomba siku isogezwe. Mama Loisi kajificha. Zebedayo anasema ulezi hausogezwi, umeshaumuka. Nesta anasema tumwachie Mungu. Nimesema Mungu alishasikia yale mahubiri juu ya uongo.

Nikamuuliza kama anaogopa. Akasema ndiyo, sana. Nikafarijika kidogo, sijui kwa nini.

Jumamosi, 28 Julai. Asubuhi

Kapteni amefika na gari lake. Anacheka tayari. Mashimo tisa asubuhi, tisa baada ya chakula. Nimekagua namba tisa: pete ya tatu ya waya inalegea. Nimeigandisha kwa lakiri. Fundi!

Mchana

Wanakula. Bwana amepitwa mashimo mawili kwa sababu ya namba tano. Aliitupa mara moja, nikaiokota, akaniuliza mimi kwa nini fimbo mbili za aina moja zina tabia mbili. Nikasema hata mapacha, Bwana. Kapteni alicheka, Bwana hakucheka.

Upande wa barabara ya Hasamba hakuna vumbi. Labda wameahirisha.

Jioni, kibandani

Naandika nimesimama. Nimefuata kiti. Kiti kiko hapa. Sitoki.

Bwana ameshinda! Shimo la mwisho, wako sawasawa, mpira wa Bwana nyuma ya kichuguu. Akaomba namba tisa. Tap! Ukapanda, ukashuka kwenye ule mchanga uliomwagiwa mafuta, unaozunguka shimo badala ya nyasi, ukabingirika, ukasimama kiganja kimoja na shimo. Kapteni akakosa wake. Bwana akaipiga fimbo busu – mpini, siyo kichwa! – nikaona pete ya tatu imebaki mdomoni mwake. Akaitema. Akaanza kuutazama mpini.

Na hapo ndipo wanawake walipopiga vigelegele.

Vumbi halikuonekana kwa sababu walipita njia ya kahawa! Zebedayo mbele, koti jeusi, nyundo ndogo kiunoni kama kawaida yake. Wazee watatu. Mama Loisi uso amefunika. Nesta nyuma na kilemba kipya. Wakauweka mtungi wa pombe katikati ya mchanga, karibu na bendera. Kapteni akauliza hii ni sikukuu gani. Zebedayo akapiga goti moja – mtu yule asiyeinuka kwa yeyote – akachomoa Pingili kwenye mtungi, ukidondoka povu, akampa Bwana kwa mikono miwili.

"Mrija wa kijana wako. Kauleta mwenyewe. Kunywa, baba mwenzangu, tumalize."

Hapo nikakumbuka kwamba hakuna viti vya kutosha.

Nachungulia penye ufa wa mbao. Bwana ameshika Pingili mkono wa kulia, namba tisa mkono wa kushoto. Anahesabu vidato vya huu kwa kidole. Anahesabu vya ule. Amerudia. Anatazama vitundu vya chini. Anasoma chapa. Sasa anatazama kibanda. Moja kwa moja, kwenye ufa wangu!

Lwitiko anamweleza. Namwona anaonyesha goti, mikono miwili, Nesta. Bwana anamtazama Nesta. Nesta hainamishi kichwa. Anatazama ile fimbo namba tisa, kazi yake, kisha anamtazama Bwana. Wazee wamesimama. Ee Mungu, ile mbao ya arobaini na moja, nisamehe.

Bwana amevua kofia.

Ameinama.

Nasikia. Sauti ndefu. Ndefu sana. Kama mtu aliyetembea toka Tunduma.

Ameinua kichwa.

"Tena!"

Vigelegele! Mama Loisi ameacha kujificha, anacheza! Zebedayo anamshika Bwana bega! Nimeolewa – nimeoa – hata kuandika sijui!

Lakini ngoja. Bwana hajarudisha Pingili. Zebedayo amenyoosha mkono wake kuupokea, Bwana ameukumbatia kifuani pamoja na fimbo. Ananiita.

"Fanueli! Lete namba tano!"

Namba tano iko hapa, nimeiegemea. Ndiyo yenye Pingili wa pili. Sijui anaitaka ailinganishe na hizo mbili mbele ya mashahidi, au anaitaka kwa sababu Kapteni naye amechuchumaa kando ya mtungi, anauliza mrija wake uko wapi. Na kichwa cha namba tano nimekifunga kwa lakiri na msumari. Hakitoki bila nyundo.

Zebedayo amechomoa nyundo.

"Fanueli!"

Nesta yuko mlangoni. Anasema nibebe kiti, nibebe na fimbo, na niache kuandika.